Hukumu na Hoja: Historia Fupi ya Uhakiki wa Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi hukumu za wahakiki wa michezo ya video zilivyotolewa, zikapokewa na kutumiwa tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hadi sasa. Tutumiapo neno "mchezo" hapa hatumaanishi tamthilia, ambayo hutazamwa, bali kazi inayochezwa katika mashine na ambayo haikamiliki mpaka mtu aishike na kuiendesha mwenyewe. Kwa "hukumu" tunamaanisha kauli inayoithamini kazi: ni bora, ni hafifu, yafaa kununuliwa, haifai. Kwa "hoja" tunamaanisha ushahidi na mantiki vinavyomfikisha msomaji kwenye kauli hiyo.

Katika uhakiki wa fasihi tuliouzoea, hoja hutangulia, na aghalabu hukumu huachiwa msomaji aitoe mwenyewe. Katika uhakiki wa michezo ya video mambo yalikwenda kinyume. Hukumu ilipewa umbo la tarakimu, tarakimu ikatengwa na maelezo yake, na hatimaye ikaanza kutumika mahali ambapo maelezo hayakusomwa kabisa. Dai letu ni kwamba utengano huo haukutokana na uvivu wa wahakiki. Ulizaliwa na mazingira ya soko, na madhara yake yamewafikia waundaji, wahakiki na wasomaji. Tutaonyesha pia kwamba hukumu zilizodumu ni zile zilizoambatana na hoja, hata pale ambapo wengi waliziona kuwa zimekosea.

2.0 Asili ya Alama

Kampuni ya Atari ilipoitoa Pong mwaka 1972, mchezo huo haukuhitaji mhakiki. Ulikuwa katika mashine ya sarafu, na mteja aliuhukumu kwa sarafu yake ya pili: ukimpendeza ataitia, usipompendeza ataondoka. Haja ya mhakiki ilizuka mchezo ulipohamia nyumbani. Hapo mnunuzi alilazimika kulipa bei kamili kabla hajacheza, na alichokiona dukani kilikuwa picha juu ya kasha tu. Nchini Marekani, Arnie Katz, Bill Kunkel na Joyce Worley walianzisha jarida la Electronic Games mwaka 1981. Nchini Uingereza, Computer and Video Games lilianza Novemba mwaka huohuo.

Hatari iliyomkabili mnunuzi ilidhihirika mara moja. Mchezo wa E.T., uliotolewa na Atari mwishoni mwa mwaka 1982, uliundwa kwa muda wa wiki tano hivi ili uwahi Krismasi. Shehena ya bidhaa za kampuni hiyo, zikiwamo nakala za mchezo huo, ilifukiwa katika jaa la Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na baadhi yake zikafukuliwa mwaka 2014. Hivyo basi, mhakiki wa kwanza wa michezo ya video alizaliwa akiwa wakili wa mnunuzi. Kazi yake ya awali haikuwa kufasiri. Alitakiwa kumwambia mtu mwenye fedha chache azitumie wapi.

Wajibu huo ndio ulioizaa alama. Jarida la Crash, lililoanza mwaka 1984 katika mji wa Ludlow, Uingereza, kwa ajili ya watumiaji wa kompyuta ya ZX Spectrum, lilitoa hukumu kwa asilimia. Mchezo mmoja ulitolewa maoni na wahakiki kadhaa, kisha ukapewa asilimia kwa vipengele mbalimbali: michoro, uchezekaji, uwezo wa kumnasa mchezaji, thamani kulingana na bei, na kadhalika. Orodha hii yafaa kusomwa kwa makini. Hakuna kipengele kinachouliza mchezo unasema nini. Vyote vinaipima bidhaa, na vingeweza, kwa mabadiliko madogo, kuipima pikipiki. Isitoshe, asilimia iliipa rai ya mtu sura ya kipimo cha maabara, ilhali hakuna aliyeweza kueleza tofauti kati ya mchezo wa 89 na wa 90.

Jarida la Famitsu la Ujapani, lililoanza mwaka 1986, lilichukua njia nyingine iliyofika palepale. Wahakiki wanne walitoa alama kumi kila mmoja, na jumla ikawa 40. Kwa miaka 12 hakuna mchezo uliozipata zote. Wa kwanza ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998, ukafuatwa na Soulcalibur mwaka 1999 na Vagrant Story mwaka 2000. Mwaka 2005 alama hizo 40 zilitolewa kwa Nintendogs. Wa kwanza ni safari ya kishujaa. Wa pili ni pambano la watu wawili wenye silaha. Wa tatu ni hadithi nzito ya fitina na dini. Wa nne ni ufugaji wa mtoto wa mbwa. Tarakimu inatuambia kwamba kazi hizi zinalingana. Haituambii zinalingana katika nini.

3.0 Mhakiki na Utanzu

Swali la utanzu ndilo lililozua kisa mashuhuri kuliko vyote katika historia hii. Desemba 1993, kampuni ya id Software ilitoa Doom, mchezo wa kufyatua risasi ambamo mchezaji huona kwa macho ya mhusika na kupambana na majini katika vichochoro vya kituo cha anga. Mapema mwaka 1994 jarida la Edge la Uingereza, lililokuwa na miezi michache tu tangu kuanzishwa, liliupa alama 7 kwa 10. Tahakiki hiyo, ambayo kwa desturi ya jarida haikutiwa jina la mwandishi, ilisifu ufundi wa mchezo, kisha ikaonyesha kutoridhika na ufyatuaji usiokoma. Mhakiki alitamani kungekuwa na uwezekano wa kuzungumza na viumbe wale, kufanya nao urafiki, hata kushirikiana nao.

Wachezaji waliicheka kauli hiyo kwa miaka mingi. Walisema kwamba mhakiki aliuhukumu mchezo wa risasi kwa vigezo vya mchezo wa mazungumzo, kama mtu anayelilaumu pambano la ndondi kwa kukosa nyimbo. Lawama hiyo si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapo waliodai kwamba tungo zisizo na vina na mizani si mashairi. Vigezo vya bahari moja vilitumiwa kuifukuza bahari nyingine. Mtu akiishia hapo, atahitimisha kwamba mhakiki wa Edge alitenda kosa lilelile.

Lakini kuna tofauti ya msingi. Waliozikataa tungo za Kezilahabi walikuwa wakiilinda kaida iliyokwisha kuwapo. Mhakiki wa Doom alikuwa akiuliza juu ya kitu ambacho hakijakuwapo. Alitambua kwamba mchezo huo ulimpa mchezaji kitenzi kimoja tu, kuua, na akauliza kwa nini kusiwe na vitenzi vingine. Mwaka 2015, miaka 21 baadaye, Toby Fox alitoa Undertale, mchezo ambao mchezaji anaweza kuumaliza bila kumuua yeyote, kwa kuzungumza na majini na kuyahurumia. Hatudai kwamba Fox aliifuata tahakiki ile. Tunadai kwamba tahakiki ile iligusa pengo la kweli katika sanaa hii, na kazi ya Fox ilithibitisha kwamba pengo hilo lingeweza kuzibwa.

Funzo lake kwa nadharia ni hili. Hukumu ya alama 7 yaweza kubishiwa hadi leo, na yamkini haikuwa ya haki kwa mchezo uliobadilisha utanzu mzima. Hoja iliyoambatana nayo, hata hivyo, ilizaa swali, na swali hilo limeishi muda mrefu kuliko tahakiki nyingi zilizousifu mchezo huohuo kwa maneno matupu. Alama tupu isingeacha chochote cha kubishia.

4.0 Alama Inapogeuka Fedha

Mwaka 2001 ilianzishwa tovuti ya Metacritic. Kazi yake ni kukusanya alama za wahakiki wengi na kutoa wastani kwa 100. Wastani wenyewe si wa kawaida: baadhi ya vyombo hupewa uzito kuliko vingine, na uzito huo hautangazwi. Hapo ndipo utengano tuliouzungumzia ulipokamilika. Msomaji hakuhitaji tena kumjua mhakiki. Wastani hauna jina, hauna mtindo, na hauwezi kuulizwa swali.

Wachapishaji waliukumbatia wastani huo. Kampuni ya Obsidian iliunda Fallout: New Vegas kwa niaba ya Bethesda, na mchezo ukatolewa Oktoba 2010. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa viongozi wa Obsidian, alieleza hadharani kwamba kampuni yake ililipwa malipo ya mkupuo bila mrabaha, na kwamba ingepata bonasi iwapo tu wastani wa Metacritic ungefika 85. Mchezo ulipata 84. Wahakiki wengi waliusifu uandishi wake na uhuru unaompa mchezaji wa kuchagua upande, lakini waliukosoa kwa hitilafu nyingi za kiufundi. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa kuamua kama watu wa Obsidian wastahili bonasi. Hata hivyo, kwa pamoja na bila kujua, waliamua. Mhakiki aliyezaliwa kuwa wakili wa mnunuzi alikuwa amegeuzwa mpimaji wa ujira wa mfanyakazi.

Shinikizo lilimrudia mhakiki pia. Novemba 2007 Jeff Gerstmann aliachishwa kazi katika tovuti ya GameSpot muda mfupi baada ya kuupa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kwa 10, wakati mchezo huo ukitangazwa kwa mabango makubwa katika tovuti hiyohiyo. Mwaka 2012, alipokuwa huru kulizungumzia jambo hilo, Gerstmann alieleza kwamba alama zilizowaudhi watangazaji zilichangia kuondolewa kwake. Zingatia kilichozua ugomvi. Hoja ndefu yaweza kuvumiliwa na mwenye bidhaa, kwa kuwa wachache huisoma. Tarakimu husomwa na wote.

5.0 Matini Isiyotulia

Mhakiki wa riwaya huwa na hakika kwamba ukurasa alioutaja utakuwapo kesho. Mhakiki wa mchezo wa video hana hakika hiyo. Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red ilipotolewa Desemba 2020, wahakiki walikuwa wamepewa mapema nakala za kompyuta pekee, na wengi waliusifu. Walionunua nakala za PlayStation 4 na Xbox One walikuta mchezo unaokwama na kuzimika. Siku chache baadaye Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni, na haukurejeshwa mpaka Juni 2021. Kufikia mwaka 2023 masahihisho yalikuwa yameubadilisha mno hata hukumu za mwanzo, nzuri na mbaya, zikawa zinahusu kazi ambayo haichezeki tena. Tarakimu iliyotolewa siku ya kwanza ilibaki pale pale. Kitu ilichokipima kilikuwa kimeondoka.

Kisa cha Hollow Knight: Silksong kinatoa kinyume chake. Team Cherry, waundaji wake, hawakutoa nakala za mapema kwa wahakiki kabla ya tarehe 4 Septemba 2025. Wahakiki walianza kucheza siku moja na umma. Kwa siku kadhaa hapakuwa na wastani wa kutegemewa, na waliotaka kujua habari za mchezo huo, hususan ugumu wake, walilazimika kusoma maelezo ya mhakiki mmojammoja akiwa bado njiani. Kwa muda mfupi, hoja ilirudi kuitangulia hukumu.

6.0 Hitimisho

Tuutazame mwaka 2024. Astro Bot, mchezo wa kurukaruka unaomalizika kwa saa kumi na kitu, ulipata wastani wa 94 katika Metacritic. Metaphor: ReFantazio, hadithi ndefu ya uchaguzi wa mfalme inayohitaji saa nyingi zaidi ya sitini, nayo ilipata 94. Balatro, mchezo wa karata ulioundwa na mtu mmoja, ulipata 90. Msomaji wa tarakimu atasema kwamba viwili vya kwanza vinalingana na cha tatu kimepungukiwa kidogo. Msomaji wa tahakiki zenyewe atajua kwamba cha kwanza kilisifiwa kwa furaha ya mwendo wa mwili, cha pili kwa wazo lake la siasa na hofu, na cha tatu kwa jinsi kanuni chache zinavyoweza kuzaa mchezo mpya kila mara. Hizi ni sifa tatu zisizo na mizani ya pamoja.

Hatupendekezi kwamba hukumu ifutwe. Mnunuzi mwenye fedha chache bado yupo, na ni haki yake kushauriwa. Tunachopendekeza ni kwamba mhakiki autaje utanzu anaouhukumu, aeleze vigezo alivyovitumia, ataje mashine na tarehe aliyochezea, kisha ndipo aseme alilonalo. Wanafunzi wetu wa uzamili watakaoingia katika uwanja huu, na uwanja wenyewe u wazi kwa Kiswahili, watakuta tarakimu zimekwisha kupangwa mbele yao kama ushahidi. Kazi yao ya kwanza iwe kuzirudisha tarakimu hizo kwa watu waliozitoa na kuuliza: ulicheza nini, kwa muda gani, na ulitaka mchezo ufanye nini ambacho haukukifanya? Mhakiki wa mwaka 1994 alilijibu swali hilo la mwisho, akachekwa. Jibu lake bado tunalijadili.