Msalaba Ndani ya Darubini

Fungueni vitabu. Kiongozi wa darasa awe tayari kusoma maneno haya polepole baada yangu.

Somo la leo ni la historia. Tutazungumza habari za uzi mwembamba kuliko unywele, ambao ulisaidia kukata nchi mbili hapo Tunduma, na ambao pia ulipandishwa juu ya bunduki. Kisha tutaona mtu achague darubini ya namna gani akitaka kulenga mbali. Watu hukimbilia kuuliza, "Darubini hii inakuza mara ngapi?" Mimi nasema swali hilo si la kwanza, na historia ya uzi huu itatuonyesha kwa nini.

Darubini hukuza kitu, lakini peke yake haikuambii unatazama wapi hasa. Ukitazama kilima unaona kilima chote. Jiwe lililo katikati ni lipi? Huwezi kusema. Mwaka 1611 Mjerumani mmoja, mtaalamu wa nyota, jina lake Johannes Kepler, alieleza darubini yenye vioo viwili vilivyovimba katikati. Darubini hiyo hugeuza picha, miguu juu na kichwa chini. Lakini ina faida moja kubwa: picha hujikusanya ndani ya bomba lenyewe, na kitu kikiwekwa mahali pale pale huonekana wazi pamoja na picha. Miaka karibu 30 baadaye Mwingereza William Gascoigne aliigundua faida hiyo. Husimuliwa kwamba buibui alitanda utando ndani ya darubini yake, naye alipochungulia akaona uzi umesimama juu ya picha. Gascoigne aliuawa vitani mwaka 1644, angali kijana. Uzi wa buibui lakini uliendelea kutumika katika vyombo vya kupimia hata karne ya 20, kwa kuwa ni mwembamba, ni mnyofu, na hauna bei. Nyuzi mbili zikipishana hufanya msalaba, na pale zinapokutana ndipo unapotazama.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana nchi za Afrika Mashariki. Waliandika kwamba mpaka utapanda mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa, kisha utafuata ukingo wa bonde la Kongo, hata mwisho ushike mto Kalambo uingiao Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga, ambao leo wako pande zote mbili za mpaka, hawakuulizwa. Nao waliotia sahihi hawakuwa wamepaona mahali penyewe.

"Ukingo wa bonde la Kongo" ni maneno mepesi juu ya karatasi. Maana yake ni mahali maji ya mvua yanapoachana. Tone likianguka upande huu hushuka kwenda Ziwa Rukwa. Likianguka upande ule huingia mto Chambeshi, likapita Kongo, likafika bahari ya Atlantiki. Lakini ninyi mnaokaa Tunduma mnaijua nchi yenu. Mtu akisimama juu ya mwinuko mdogo, kati ya miombo, atajuaje tone la mvua limeamua kwenda wapi?

Basi mwaka 1898 zilikuja tume mbili kupima. Ya Waingereza iliongozwa na Kapteni Close, na ya Wajerumani na Kapteni Herrmann, aliyefuatana na mtaalamu wa nyota, Kohlschütter. Wapagazi walibeba mizigo. Kati ya vyombo vya kazi kama hiyo, kikubwa ni thiodolaiti, yaani darubini ndogo iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye duara za kusomea pembe, na ndani yake msalaba wa nyuzi. Mpimaji hupima kwanza mstari mmoja chini kwa uangalifu mkubwa. Kisha huelekeza msalaba juu ya alama ya kilima hiki, akasoma pembe. Juu ya kilima kile, akasoma pembe. Kutoka mstari mmoja na pembe mbili hupata pembetatu nzima, na kutoka pembetatu hiyo nyingine, hata amevuka nchi bila kuburuta mnyororo kila mahali. Usiku huelekeza msalaba kwenye nyota, apate kujua yuko wapi duniani. Kwa njia hizo mpaka uliwekwa, na mapatano yake yalikamilishwa tarehe 23 Februari 1901.

Penye nchi kavu zilisimamishwa bikoni, na bikoni haihami. Mto ndio unaohama. Songwe ukifika katika nchi ya chini, karibu na ziwa, umebadili njia mara kwa mara wakati wa mafuriko, na wapo watu ambao mashamba yao yamejikuta ng'ambo ya maji bila wenyewe kuhama. Uzi wa buibui hauna dawa ya jambo hilo.

Katika thiodolaiti kuna nyuzi nyingine mbili fupi, moja juu ya katikati na moja chini, nazo kwa somo letu ni za maana kuliko msalaba wenyewe. Msaidizi husimamisha mti uliotiwa alama za mita. Mpimaji hutazama nyuzi mbili zimekata urefu gani juu ya mti ule, akazidisha mara 100. Zikikata mita 2, mti uko mbali mita 200. Kwa hiyo nyuzi za ndani ya kioo hazionyeshi mahali tu. Hupima umbali pia.

Bunduki nazo zilipata darubini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, walenga shabaha wengine walikuwa na mabomba marefu ya darubini juu ya mitutu. Viliongezwa vioo vya kuisimamisha picha, maana mpimaji huzoea kuona kilima kimepinduka, lakini mwindaji hawezi kumfuata mnyama anayetembea miguu juu.

Huku kwetu bikoni hazikuzuia vita. Septemba 1914 Wajerumani walivuka Songwe wakaishambulia Karonga, wakashindwa. Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita Fife, ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma, likaenda Kasama, likasalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25. Ulaya wakati huo walenga shabaha walikuwa wakitumia darubini. Askari wa huku walio wengi walilenga kwa macho matupu, na vita vilipoanza wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti ya moshi. Bunduki hiyo ilikuwa na alama za umbali hata mita 1,600. Alama hizo humfaa nini mtu asiyejua kama adui yuko mita 700 au mita 900?

Risasi huanza kuanguka mara itokapo mtutuni, kama jiwe lililoachwa mkononi. Tuseme inakwenda kwa wastani wa mita 700 kwa sekunde. Kwa nusu sekunde imefika mita 350, nayo imeshuka karibu mita 1 na robo. Hapa kukuza peke yake hakusaidii. Utamwona mnyama mkubwa sana, na utamkosa vilevile.

Kwa hiyo anayechagua darubini, na nasema mwenye leseni au askari wa wanyamapori, atazame kwanza alama za ndani. Msalaba mwembamba ni mzuri mchana peupe, lakini jioni hupotea katika majani. Wajerumani walipenda nguzo nene zenye ncha. Hizo huonekana hata magharibi, ila kwa mbali nguzo humfunika mnyama mzima. Mwaka 1962 kampuni ya Leupold ya Marekani ilitoa alama nene pembeni na nyembamba katikati, na mtindo huo umeenea kila mahali. Kwa kulenga mbali, zenye kufaa zaidi ni zile zilizogawanywa kwa mili. Mili moja ni sehemu moja katika 1,000: kwa mita 1,000 hufunika mita 1. Ni ndugu wa zile nyuzi fupi za mpimaji.

Lakini angalieni. Katika darubini za kubadili ukubwa, nyingine alama hukua pamoja na picha, na hesabu ya mili ni ileile daima. Nyingine picha hukua na alama hukaa vilevile, na hesabu ni kweli kwa ukubwa mmoja tu. Asiyejua ameshika ipi atapima uongo kwa bidii.

Kukuza ndiko kunafuata. Kioo cha mbele chenye upana wa milimita 40, kikikuza mara 4, huleta jichoni duara la mwanga la milimita 10. Kikikuza mara 20, milimita 2 tu. Jioni ni giza. Tena hukuza mtetemeko wa mkono na mvuke wa joto unaochezacheza juu ya ardhi. Katika miombo ya Momba, ambako mara nyingi huoni mita 100, darubini kubwa ni mzigo wa bure. Katika mbuga za Rukwa ina kazi yake.

Sasa chukueni kalamu. Nyati ana kimo cha mita 1 na nusu begani, naye amejaza mili 3. Andikeni: 1.5 mara 1,000, gawanya kwa 3. Jibu ni mita 500. Hapo risasi yetu imeshuka karibu mita 2 na nusu, zaidi ya kimo cha nyati mwenyewe. Mwindaji akidhani ni 500 kumbe ni 550, risasi itapita chini kwa zaidi ya robo mita. Badala ya moyo itapiga mguu. Nyati huyo ataingia kichakani na jeraha, na atakayekutana naye kesho si mwindaji. Ni mtu anayekwenda kuokota kuni. Kwangu mimi, mili 3 juu ya nyati si ruhusa ya kupiga. Ni habari kwamba bado hujafika karibu.

Kwa wiki ijayo, kila mmoja apime kimo cha mlango wa nyumba yake kwa mita, akakiandike daftarini. Kisha apate jibu: mlango huo ukijaza mili 10, yuko umbali gani nao?