Wenye Nywila: Ufunguo wa Mfumo na Kesi ya Uchaguzi wa Kenya, 2017

Neno la siri ni la kale kuliko kompyuta, kwani walinzi wa ngome waliulizana neno kabla ya kufungua lango. Katika kompyuta desturi hiyo iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipounda CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja. Kila mtumiaji alipewa nywila yake. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, akitaka muda zaidi wa mashine, aliomba jalada lenye nywila zote lichapishwe, nalo likachapishwa. Hivyo swali la nani huwatunzia wengine nywila zao lilizuka mapema.

Nchini Kenya swali hilo lilifika mahakamani. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, Christopher Msando, meneja wa teknolojia wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, aliuawa. Tarehe 9 Agosti Raila Odinga alidai kwamba wadukuzi waliingia katika mfumo kwa utambulisho wa marehemu. Tume ilikanusha.

Odinga alipokwenda mahakamani, Mahakama ya Juu iliiamuru Tume, tarehe 28 Agosti, itoe sera yake ya nywila, majina ya wenye nywila za usimamizi wa mfumo, watumiaji na ngazi zao za ruhusa, pamoja na kumbukumbu za walioingia katika seva tangu tarehe 5 Agosti. Tume haikutimiza amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ulibatilishwa kwa kura 4 dhidi ya 2. Katika sababu zilizotolewa tarehe 20 Septemba, majaji walio wengi walieleza kuwa, kwa kunyimwa seva, hawakuwa na budi kukubali dai la walalamikaji: ama mfumo uliingiliwa, ama maofisa wenyewe waliichezea takwimu, ama walikataa kukiri kwamba waliivuruga kazi ya kupeleka matokeo.

Kati ya tarehe hizo mbili, mwenyekiti Wafula Chebukati alimwandikia mtendaji mkuu Ezra Chiloba waraka akihoji kwa nini akaunti yenye jina lake ilitumika mara 9,934 bila yeye kujua.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Akaunti huunganisha jina na tendo. Jina likitumiwa na mwingine, hapana awezaye kuwajibishwa. Kwa hiyo akaunti ya aliyefariki au aliyehamishwa hufungwa siku hiyo hiyo, ufunguo mkuu huwekwa chini ya watu wawili, na kumbukumbu hutunzwa na asiye msimamizi wa mfumo. Mwaka 2022 seva zilichunguzwa chini ya usimamizi wa Mahakama, ambayo haikuona ushahidi wa kuaminika kwamba ziliingiliwa. Matokeo yakathibitishwa tarehe 5 Septemba. Ufunguo wa mfumo wa umma ni amana, na mwenye amana hudaiwa hesabu.