Mfahamu Mwandishi wa Riwaya Aliyesoma Rubya, Muleba: Kitabu Chake Kilisota Miaka 35

Muulize kijana yeyote wa mjini Bukoba, awe wa Buhembe, Kashai au Hamugembe, mwandishi wa riwaya anaishije. Jibu litakuwa lile lile. Ana laptop, kikombe cha kahawa pembeni na dirisha linaloangalia ziwa. Asubuhi anabuni wahusika, jioni anaposti, mwisho wa mwaka anaenda Zanzibar kula bata. Maisha matamu!

Sasa shika stori ya kweli, na inapita hapa hapa Kagera.

Rubya, wilayani Muleba, kuna seminari iliyoanza mwaka 1904. Wengi wanaijua kwa jina la Kardinali Laurean Rugambwa, aliyesoma pale na mwaka 1960 akaweka historia ya kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa ukardinali katika nyakati hizi. Lakini Rugambwa alizaliwa 1912. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1909, alishafika Rubya kijana mmoja kutoka kisiwa cha Ukerewe, upande wa pili wa ziwa. Jina lake Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896.

Hebu piga picha hiyo safari. Leo ukitoka Ukerewe unapanda kivuko Nansio mpaka Mwanza, unadaka basi, unavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, unapita Geita na Biharamulo, unashuka Muleba. Hata hivyo mgongo utauma. Mwaka 1909 hakukuwa na basi wala daraja. Mtoto anaondoka kwao, anavuka ziwa, na kukaa huko ni miaka kumi.

Cha kushangaza, ugenini kwenyewe hakukuwa ugenini sana. Kitereza alikuwa wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, Wasilanga, na masimulizi ya Wasilanga wenyewe yanasema mababu zao walitokea Ihangiro. Ihangiro iko ndani ya Muleba ya leo! Halafu Kikerewe na Kihaya ni lugha ndugu, Mhaya na Mkerewe wakiongea taratibu kuna mengi wanaambulia. Kwa hiyo dogo alivuka ziwa kwenda shule, kumbe anarudi walikotoka mababu zake.

Pale Rubya alipiga kitabu haswa. Kilatini, Kijerumani, Kiswahili, vyote alivibeba. Mwaka 1919 akaondoka, hakuwa padre. Alimuoa Anna Katura, akatafuta riziki kwa kazi za kuajiriwa, na baadaye akarudi Ukerewe kufanya kazi kwenye misheni ya Kagunguli kama katekista na mfasiri. Yaani uandishi haukuwa ajira yake. Ilikuwa kazi ya ziada, baada ya zile zilizomlisha.

Na ndani ya nyumba ile kulikuwa na jambo zito. Aniceti na Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja. Watoto waliozaliwa, hakuna aliyeishi mpaka akakua.

Sasa angalia wahusika aliowabuni. Riwaya yake inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Myombekere na Bugonoka ni mke na mume wanaopendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanachonga: oa mwingine, huyo wa nini? Matusi yanazidi mpaka wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Wanaume wengi wa enzi hizo wangeishia hapo. Myombekere haishii hapo. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba mke wake arudishwe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaihangaikia mpaka inapatikana. Baadaye wanatafuta tiba, na mwishowe wanapata watoto wawili, Ntulanalwo wa kiume na Bulihwali wa kike.

Umeona? Kile ambacho maisha yaliwanyima Aniceti na Anna, Myombekere na Bugonoka walikipata kwenye karatasi. Na majina ya watoto wote wanne wa… hapana, wa wazazi wawili na watoto wawili, yote yamekaa kwenye jalada. Familia nzima.

Lakini kitabu hakiishii kwenye mapenzi. Humo utakuta jinsi watu walivyolima, walivyovua samaki, walivyopika pombe, walivyoagua magonjwa, walivyozika. Hata habari za kusafiri zimo. Likizo ya wazee wetu ilikuwa kwenda kwa wakwe: unatembea kwa miguu, unabeba zawadi, ukifika unapokelewa kwa heshima zote, unakula, unalala, unarudi na stori za kutosha. Kitereza aliona mambo hayo yanapotea, akataka vijana watakaokuja wajue waliowatangulia waliishije kabla Wazungu hawajafika. Kwa hiyo wahusika wake hakuwatoa hewani. Aliwavisha maisha aliyoyaona na aliyosimuliwa na wazee.

Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Hapo ndipo msoto ulipoanza.

Nani atachapisha kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Padre mmoja wa Kanada, Almas Simard, alimtia moyo sana na akashughulika kukiweka kwa Kifaransa, lakini akafariki kabla kitabu hakijatoka. Miaka ikaenda. Tanganyika ikapata uhuru 1961, Muungano ukaja 1964, kitabu bado kiko kwenye makaratasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe. Wakamshauri mzee: kiweke kwa Kiswahili. Kitereza alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, baridi yabisi imemshika, hali ya maisha ngumu. Wengine tukiambiwa turudie ukurasa mmoja tu tunanuna. Yeye akaanza upya, akatafsiri kitabu chote mwenyewe.

Hata hapo akaendelea kusubiri. Majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera 1978, vita ikaisha 1979, bado. Kitabu kikatoka mwaka 1980 kupitia Tanzania Publishing House, kikiwa kimechapwa China. Ukihesabu kuanzia 1945 ni miaka 35. Na mwaka 1981 mzee akafariki kabla nakala hazijamfikia. Hakukishika mkononi.

Baada ya yeye kuondoka ndipo kitabu kikaanza kusafiri. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani, kikaenda kwa Kifaransa, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe. Myombekere, aliyekuwa anatembea kwa miguu kwenda ukweni, sasa anasomwa Ulaya na Marekani.

Watu wanasema angeandika kwa Kiswahili toka mwanzo asingesota hivyo. Inawezekana. Ila ndani ya Kikerewe ndimo yalimokuwa maneno ya wazee wake, ya mitego, ya dawa, ya salamu za wakwe. Angeanza na lugha nyingine, mengine yangemponyoka kabla hajayaandika.

Hapa mjini vijana wengi Kihaya kinaishia kwenye salamu, na msimu wa senene ndiyo tunakumbuka kijijini. Wakati huo huo kuna babu Kamachumu na bibi Izigo wenye stori ambazo haziko Google wala YouTube. Simu yako ina sehemu ya kurekodi sauti, na huhitaji kusubiri miaka 35.

Wadau, nyumbani kwenu nani ndiye fundi wa stori za zamani? Na lini mara ya mwisho ulikaa ukamsikiliza mpaka akamaliza? Tiririka hapo chini.