Mngurumo, si "Dhoruba ya Radi"

Kuanzia katikati ya Oktoba, watu wa Kikatiti, mkoani Arusha, huutazama Mlima Meru kwa jicho ambalo mwezi Julai hawana. Mkulima anataka kujua kama atifue shamba la mahindi wiki hii au asubiri. Dereva wa bodaboda anapima kama koti la mvua libaki nyumbani. Na wapo wengine, wasio na shamba wala pikipiki, ambao wanaipenda tu mvua yenyewe. Hao hupigiana simu kuulizana wingu limefika wapi, na wanaisubiri mvua ya kwanza ya vuli kama wenzao wanavyosubiri mechi ya Simba na Yanga. Wanajua kwamba mchana wa joto la kukera, usio na upepo, ndio huzaa mvua ya jioni. Jua la asubuhi linachemsha miteremko ya mlima, hewa inapanda, saa sita vilele havionekani tena, na ikifika saa kumi mbingu imefunga.

Mpenzi wa mvua wa namna hiyo akifungua simu yake iliyowekwa Kiswahili, anaweza kusoma kwamba jioni kutakuwa na "dhoruba ya radi". Akihamia kwenye programu nyingine atakuta "tufani ya radi". Akisoma tafsiri ya makala ya kigeni atapata kituko cha tatu, "dhoruba za kiangazi". Kitu kinachozungumzwa anakifahamu tangu utotoni. Kinachomshangaza ni kuona kitu cha nyumbani kimepewa jina la mgeni aliyepotea njia.

Dhoruba, au dharuba kama wanavyolitamka wengine, limetoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni pigo. Kiswahili hakikuitupa maana hiyo: mtu bado anaweza kuimaliza kazi kwa dharuba moja. Lakini katika kinywa cha mabaharia pigo hilo likawa pigo la upepo na mawimbi, na hapo ndipo neno lilipotulia. Dhoruba ni neno la chombo kilichoshusha tanga. Lina chumvi. Ukilileta Kikatiti, kati ya Maji ya Chai na njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), unakuwa umepandisha jahazi barabara ya Moshi, maana mvua ya jioni ya Novemba inaweza kuwa na maji mengi, mawe ya barafu na vishindo vya kutikisa bati, na upepo wake ukawa wa dakika chache tu.

Tufani lina heshima kubwa zaidi, na ndiyo sababu halifai kabisa. Hilo pia ni la Kiarabu, na katika Kurani ndilo jina la gharika ya Nuhu. Samuel Mushi alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare wa The Tempest mwaka 1969 aliuita Tufani, na alikuwa sahihi kabisa: mle ndani kuna merikebu, kuna bahari na kuna mfalme anayedhani mwanawe amezama. Neno lililobeba safina na merikebu haliwezi kutumwa kumwambia mama wa sokoni aanue nguo.

Radi ndiyo yenye kisa kirefu. Kwa Kiarabu neno hili ni ngurumo, yaani sauti. Sura ya 13 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Lilipoingia Kiswahili likasogea. Waswahili tayari walikuwa na neno la sauti, wakalipa radi kazi ya lile pigo linaloshuka na kuua. Mti unapigwa na radi, ng'ombe anapigwa na radi, na asiyependa hayo anaweka kipitisha radi juu ya paa. Mwanga wenyewe ulibaki kwa umeme, neno ambalo kila sikio linasikia ujirani wake na metameta na memeteka, mpaka walipokuja wenye nguzo na nyaya wakaliazima na hawajalirudisha. Matokeo yake ni sentensi ambayo mgeni angeona ni fumbo na Kikatiti inasikika kila msimu: umeme umepiga, umeme umekatika.

Kwa hiyo Kiswahili kina mgawanyo ulio wazi. Umeme ni wa kuonwa, ngurumo ni ya kusikiwa, radi ni ya kuogopwa. Majirani wa Kikatiti, Wamaasai wa tambarare za kusini mwa mlima, waliupeleka mgawanyo wa namna hiyo mbali zaidi, hadi mbinguni: katika mapokeo yao Enkai Narok, Mungu mweusi, yumo katika ngurumo na mvua na ni mwema, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, yumo katika mwale wa umeme na katika ukame, na ni wa hasira. Mtu aliyelelewa na fikra hizo akiambiwa jioni kunakuja "dhoruba ya radi", ameambiwa nusu ya hasira na hakuambiwa habari ya mvua.

Kuhusu "dhoruba za kiangazi" hakuna haja ya kupoteza wino. Kiangazi, kwa mkulima wa kaskazini mwa Tanzania, ni kipindi cha jua kali na vumbi, na mvua zake ziko vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Aliyetafsiri alitazama kalenda ya Ulaya na hakutazama dirishani.

Hapa ndipo wanaolipenda neno dhoruba hujibu kwamba lugha ya nyumbani ni nzuri, ila sayansi inataka usahihi. Vizuri. Sayansi yenyewe inasemaje? Shirika la Hali ya Hewa Duniani linalieleza tukio hili kuwa ni mmweko mmoja au zaidi wa umeme wa angani pamoja na sauti yake, kali au ya kuvuma. Katika fasili hiyo hamna upepo. Na kwa desturi ya miaka mingi ya vituo vya upimaji, siku haiandikwi kuwa ya ngurumo mpaka mpimaji asikie ngurumo kwa masikio yake. Jedwali la tarakimu zinazotumiwa kuripoti hali ya hewa limetenga kabisa mambo haya: namba 13 ni umeme unaoonekana bila ngurumo kusikika, namba 17 ni ngurumo iliyosikika bila mvua kituoni. Ripoti ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambao uko karibu tu na Kikatiti, ikiwa na herufi TS, kwa kawaida maana yake mtu amesikia. Sikio ndilo hakimu, na Mswahili aliyeita ngurumo alikuwa amefika huko zamani bila semina wala posho.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) haina lawama katika hili. Taarifa zake za kila siku husema "vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache", Kiswahili ambacho hata babu asiye na simu anakielewa redioni. Upungufu wake ni mmoja. Ngurumo ni sauti. Mtabiri anapotaka kulitaja lile jambo zima, wingu lake, mvua yake, umeme wake na mwendo wake kutoka Meru kuelekea tambarare, hana nomino ya kushika. Analazimika kuunganisha vitu viwili kwa "na". Tena ngurumo iko katika ngeli ambayo umoja na wingi havibadiliki. Mtu akisema "ngurumo mbili zimepita", je, ni vishindo viwili au ni mawingu mawili tofauti yaliyopita juu ya kijiji?

Neno linalotakiwa ni mngurumo. Wingi wake, mingurumo.

Halikuokotwa. Kiswahili kina kiwanda cha zamani cha kutengeneza majina ya matukio: chukua kitenzi, weka m- mbele na -o nyuma. Kulipuka kumezaa mlipuko, kugoma kumezaa mgomo, kufumuka kumezaa mfumuko, ambao kila Bunge la bajeti unatajwa na bei zake. Kutetemeka kumezaa mtetemeko, na ardhi ilipotikisika Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 hakuna aliyesema lugha imekosa neno. Maneno haya yanahesabika, yana mwanzo na mwisho, na yote yanataja jambo linalotokea mahali fulani saa fulani. Ndivyo mingurumo ilivyo: mmoja unazaliwa saa tisa, unanyesha nusu saa au zaidi kidogo, unakufa, na pengine upepo wake wa baridi unauchokoza mwingine ng'ambo ya korongo.

Pendekezo hili mwandishi wa makala haya alikwisha kulifikisha kunakohusika, na jibu lililorudi kwa mdomo, baada ya miezi ya ukimya, ni kwamba mngurumo "ni wa simba". Hoja hiyo ilitolewa na watu wazima. Kama neno haliruhusiwi kuwa na kazi mbili, basi kaa achague moja kati ya makaa na baharini, na paa ashuke kutoka juu ya nyumba. Isitoshe, kwa Kikatiti hofu hiyo haina msingi hata wa kimazingira: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoko kwenye mbavu za Meru, inafahamika kwa kutokuwa na simba.

Mwanachuo mmoja amekuja na hoja bora zaidi, na anastahili kujibiwa. Anasema siku hizi setilaiti ndizo zinazohesabu, nazo hazina masikio. Zinaona mwanga tu. Ni kweli. Takwimu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, huko Kivu, ya pili duniani kwa wingi wa umeme wa angani, kiasi cha mimweko 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233 hivi. Lakini kinachohesabiwa hapo ni umeme, na jina lake lipo. Anayeishi Kabare hahitaji jina la nukta iliyoonekana kutoka angani. Anahitaji jina la kitu kinachomjia.

Tena kinamjia kwa sauti kabla hakijamfikia. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilometa 15 au 20, na radi yenyewe inaweza kuruka umbali unaokaribia huo kutoka kwenye wingu lake. Anayesikia yuko tayari ndani ya hatari. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilometa moja, kwa hiyo mtoto anayejua kuhesabu na kugawanya kwa tatu anaweza kupima umbali bila kifaa. Tarehe 28 Juni 2011, huko Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya. Neno linaloanzia kwenye sauti linamkumbusha mtu kuingia ndani mapema. Linaloanzia kwenye radi linazungumzia jambo ambalo likishafika halina tena cha kufundisha.

Matumizi ni mepesi: mngurumo mkali, mngurumo wa jioni, mingurumo ya vuli, na lile wingu refu ambalo marubani huliandika CB liitwe wingu la mngurumo.

Limebaki la mvua yenyewe. TMA huita "mvua kubwa" ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na kipimo hicho si kidogo: milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ekari moja inakuwa imepokea lita zaidi ya laki mbili. Lakini mngurumo unaweza kumwaga milimita 40 kwa muda wa kunywa chai, ukafurisha korongo, na kwa hesabu ya kituo usifike kwenye "kubwa". Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji jijini Arusha, na kwenye korongo kasi ya maji ndiyo inayoamua, jumla ya siku huja baadaye. Kubwa ibaki ya ujazo, na kali itumike kwa kasi. Watu hawatafundishwa kitu, maana wanaposema mvua ya leo ilikuwa kali wanamaanisha hivyo hasa. Mhariri wa kamusi atakayeliingiza mngurumo kwa maana yake mpya aandike ngeli ya U-I, na maana ya simba aiweke ya pili.