Grainda ya mkononi: Hatari iko kwenye diski

KUANZIA Kitale hadi Bungoma, grainda ya mkononi imekuwa kifaa cha lazima kwa fundi wa jua kali na hata kwa mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba. Ndiyo hukata vyuma vya milango na madirisha, kulainisha palipochomelewa na kunoa plau kabla ya mvua za Machi.

Grainda ndogo hutumia diski ya milimita 115 na huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Kila diski huandikwa kasi ya juu kabisa inayoweza kuhimili. Ile ya milimita 115 kwa kawaida huhimili mizunguko 13,300. Ile ya milimita 230 huhimili 6,600 pekee.

Hapo ndipo penye balaa. Wapo mafundi wanaong'oa kikinga ili grainda ndogo ibebe diski kubwa, kwa kuwa hiyo hufikia chuma kinene. Ukingo wake basi hukimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde badala ya 80. Ikipasuka, vipande huruka kama risasi, na kikinga ambacho kingevizuia kimetupwa pembeni.

Diski ya kukatia pia huzeeka. Tarehe ya mwisho wa matumizi huchapishwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati, ambayo wanunuzi wengi hawaitazami. Iliyolowa maji au yenye ufa haifai hata kama tarehe haijapita. Wala isitumiwe kusagia kwa ubavu.

Umeme ukipotea, zima swichi na uchomoe waya. Grainda iliyoachwa swichi ikiwa imewashwa huanza kuzunguka yenyewe umeme urejeapo, pengine watoto wakicheza karibu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Anayefanya kazi nyumbani kwake hana mwajiri, hivyo miwani atajinunulia. Ile ya jua haitoshi, kwani cheche hupenya pembeni.

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, kisitolewe kwa ncha ya leso wala kijiti cha kiberiti. Huanza kushika kutu ndani ya saa chache, na kutu hiyo huweza kuacha kovu kwenye mboni. Aliyeumia apelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Kwa wakazi wa magharibi mwa nchi, ipo Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga.