Shemeji wa Ng'ambo ya Mto: Kenya Ilivyomkubali Mke wa Kigeni na Kumwacha Mume Nje

Wasee wa Bungoma na Kitale, leo tuongee historia, na siyo ile ya kukariri ukapita mtihani. Tuongee mapenzi na muhuri wa pasipoti.

Kila nikiandika kitu juu ya mpaka, swali moja halikosi kwenye komenti: "Nimeoana na mtu wa nje. Akivuka Malaba, akunywe soda upande wa Uganda, arudi jioni, si siku zake zinaanza upya?" Huu mchezo uko dunia nzima. Thailand umekuwa kama ruti ya matatu: mgeni anapanda gari asubuhi hadi mpaka wa Laos, anagongewa muhuri, anarudi. Hata mwanaume aliyeoa Mthai hakai bure. Akitaka kibali cha ndoa, serikali inataka kuona baht 400,000 kwenye akaunti, au mapato ya baht 40,000 kila mwezi. Uingereza nao, tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenzake lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mapenzi yana bei, maze.

Jibu fupi la swali lenu: Malaba na Suam si dawa. Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia Kenya kwa viza ya mara moja aliweza kwenda Uganda au Tanzania na kurudi kwa viza ile ile, bora haijaisha. Yaani kwa macho ya karatasi, alikuwa kama hajatoka. Hiyo soda ya Malaba inakata kiu tu. Na tangu Januari 2024, viza ziliondolewa na badala yake wageni wengi wanaomba idhini mtandaoni kabla ya safari, ile wanaita eTA. Mtu anayeishi na familia yake hapa hafai kuhesabu siku kama mtalii.

Jibu refu ndilo limenifanya niandike. Kwa sababu kwa karibu miaka 47, Kenya ilikuwa na sheria mbili kwa ndoa ya aina moja. Wewe dada ulikuwa na sheria yako, na kaka yako akawa na yake.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mpaka mwaka 1902, hapa tulipo palikuwa Uganda. Siyo jaba story. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha, halafu Waingereza wakauhamishia upande wa pili, kwenye eneo ambalo mwaka 1920 likaitwa Koloni ya Kenya. Kuna mababu walilala Uganda wakaamka kwenye himaya nyingine bila kubeba hata kitanda. Mstari ukapita katikati ya ndugu: Wabukusu huku, Wagisu kule, Wasabaot huku, Wasebei kule, Wateso wakakatwa katikati. Mto Lwakhakha ukaambiwa kuanzia leo wewe ni mpaka. Watu hawakuambiwa waache kuoana, na hawakuacha. Hadi leo, kila mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ukifika, nyimbo zinasikika pande zote mbili na wajomba wanavuka kuja kuona vijana wao.

Sasa angalia serikali ya mkoloni ilimwonaje mwanaume na mwanamke. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitembea na kipande shingoni. Pale Trans Nzoia, kwenye mashamba ya walowezi, bila kipande hukuajiriwa, na ukitoroka kazi ulitafutwa nacho. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yalipata njia ya kutoka, na mashamba yakazidi kutaka mikono. Mwanamke hakupewa kipande. Usidhani ni kwa huruma. Kwenye vitabu vya serikali yeye hakuwa mtu wa kujisimamia, alikuwa binti ya fulani, halafu mke wa fulani. Tulipata uhuru 1963, lakini wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye sheria ya vitambulisho mwaka 1978. Kukhu wako anaweza kuwa aliishi miaka 15 ya uhuru bila kitambulisho, na hakuwa amekipoteza. Hakikuwepo.

Wazo hilo halikutoka kijijini peke yake. Sheria ya Uingereza ya 1914 ilisema mke wa raia wa Uingereza anahesabiwa Mwingereza, na Mwingereza wa kike akiolewa na mgeni anahesabiwa mgeni. Uraia wa mwanamke ulifuata suruali ya mume. Waingereza wenyewe waliacha kuwanyang'anya wake uraia kwa sheria ya 1948, iliyoanza kutumika Januari 1949. Lakini harufu ilibaki, na ikaingia kwenye Katiba yetu ya uhuru.

Katiba ile ilisema hivi kwa lugha ya kawaida: mwanamke aliyeolewa na raia wa Kenya ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Mwanamke. Mwanaume aliyeoa Mkenya hakutajwa. Na mtoto akizaliwa nje ya Kenya, alipata uraia wa kuzaliwa kama baba yake ni Mkenya. Mama hakuhesabiwa.

Chukua mfano wa nyumba moja hapa karibu na Lwakhakha, miaka ya themanini. Kaka anaoa msichana wa Mbale. Dada anaolewa na kijana wa Mbale, na wanakubaliana kuishi Bungoma kwa sababu kazi iko huku. Wote wametoa mahari, wote wamechinja, wazee ni wale wale. Mke wa kaka anaweza kuomba na kuwa Mkenya, bora aache uraia wa Uganda, maana uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Mume wa dada ni mgeni leo, kesho, na siku ya harusi ya mtoto wake. Atatafuta kibali kama mfanyakazi au mfanyabiashara, na kibali kikikataliwa, afungashe. Dada akijifungulia Mbale kwa mama mkwe, mtoto huyo si Mkenya wa kuzaliwa. Mke wa kaka akijifungulia Mbale hiyo hiyo, wadi hiyo hiyo, mtoto wake ni Mkenya.

Tofauti ni nini? Si mapenzi, si kabila, si umbali. Ni nani kati ya hao wawili alivaa gauni.

Watetezi walikuwa na hoja, na haki ya hoja ni kusikizwa. Mosi, walisema kwetu mwanamke ndiye huhamia kwa mume, kwa hiyo sheria inafuata mila. Pili, waliogopa mwanaume mgeni atakuja kuoa ili apate ardhi na kazi. Na mazingira yaliipa hofu hiyo nguvu. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyotaka asiye raia awe na kibali cha kufanya kazi. Februari 1976 Idi Amin akasimama na kudai sehemu kubwa za magharibi ya Kenya ni za Uganda, na mfano wake ulikuwa ule ule mstari wa 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Katika siku hizo, kuwa shemeji kutoka ng'ambo ilikuwa sababu tosha ya kuangaliwa mara mbili.

Lakini hoja hizo zina shimo. Mila ya mke kuhamia kwa mume haikuhitaji serikali kumwadhibu anayefanya tofauti. Na kama hofu ni ndoa feki, mwanamke pia anaweza kuolewa feki. Ukitaka kukamata waongo, kagua ndoa, usikague jinsia.

Wengine waliliona mapema. Botswana, wakili Unity Dow alikuwa ameolewa na Mmarekani, na sheria ikawaambia watoto wake waliozaliwa ndani ya ndoa kwamba si Wabotswana, ilhali yule aliyezaliwa kabla ya ndoa ni raia. Alienda mahakamani, akashinda, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Hata hapo ng'ambo ya mto, Katiba ya Uganda ya 1995 ilimtaja mtu aliyeoana na raia bila kubagua mke na mume, na ikaweka miaka mitatu ya ndoa. Kwa miaka 15, kijana wa Bungoma aliyeoa Mbale alikuwa na njia ya uraia Uganda, na kijana wa Mbale aliyeoa Bungoma hakuwa nayo Kenya. Tanzania nao, sheria yao ya uraia ya 1995 bado inamfungulia mke wa kigeni mlango ambao mume wa kigeni hapewi.

Kenya iligeuka tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipozinduliwa. Ibara ya 14 inasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama mama AU baba yako ni raia, uwe ulizaliwa Kenya au nje, na inarudi nyuma hadi kwa waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Ibara ya 15 inasema mtu aliyeoana na raia kwa angalau miaka saba ana haki ya kusajiliwa akiomba. Mtu. Neno dogo, lakini lilichukua tangu 1963 kufika. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 ikaongeza kwamba mwenzi wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Na uraia wa nchi mbili ukaruhusiwa.

Kwa hiyo tumemaliza? Bado. Tarehe 28 Novemba 2017, Uhuru Kenyatta akiapishwa Kasarani aliwaambia Waafrika Mashariki waje na kitambulisho tu, wafanye kazi, wafanye biashara, na wakipata wa kuwapenda, waoe na kukaa hapa. Watu walipiga makofi. Lakini hotuba si sheria. Miaka saba ilibaki saba. Na anayeishi hapa kwa pasi ya mtegemezi bado haruhusiwi kufanya kazi kwa pasi hiyo, lazima atafute kibali kingine. Yaani baba wa watoto wawili Kitale, ana nguvu na ujuzi, anaambiwa ukae kwanza. Halafu jirani wanamwita mzembe.

Na kuna shimo kubwa zaidi ambalo hakuna anayeliongelea. Hiyo miaka saba inahesabiwa kutoka wapi? Ndoa nyingi za mpakani ni za kimila. Ng'ombe wametoka, wazee wamekula, cheti hakuna. Sheria ya ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila sawa na za kanisani, lakini inataka zisajiliwe. Bila cheti, unaweza kuishi na mtu miaka 20 na mbele ya afisa ukawa na siku sifuri.

Mimi chuo niliacha, sheria sikusomea, lakini Katiba ni ya bure na iko kwenye simu yako. Maoni yangu ni haya: miaka saba ni mingi kwa watu ambao mpaka uliwakuta tayari wameoana. Uganda ilianza na mitatu na haikuzama. Na mwenzi wa raia aruhusiwe kufanya kazi siku ndoa inaposajiliwa, kwa sababu njaa haingoji karatasi.

Mpaka hilo libadilike, fanya mambo mawili. Kama wazae wako walioana kimila na mmoja anatoka ng'ambo, wapeleke wasajili ndoa yao, hata kama wana wajukuu. Na kama mama yako ni Mkenya na baba yako ni wa Mbale au Kapchorwa, na mtu akakuambia pale dirishani wewe si wa hapa, mwonyeshe Ibara ya 14. Uraia wako haukutoka kwa baba peke yake. Mama pia ni nchi.

Tuma hii kwa shemeji mmoja wa ng'ambo. Na yule anayesema miaka saba ni sawa, komenti ziko wazi, niambie kwa nini.