Ātman: Neno Lililorithiwa, Kisha Likakopwa

Wanasarufi wa Kihindi huliweka neno ātmā, lenye maana ya roho au nafsi, katika kundi la tatsama, yaani maneno ya Kisanskriti yaliyokopwa bila kubadilishwa umbo. Uainishaji huo ni sahihi kwa upande wa umbo, lakini haueleze sarufi ya neno.

Katika Rigveda, ātman hutumika kwa maana ya pumzi, na wanaisimu hulihusisha na Atem ya Kijerumani, yenye maana hiyohiyo. Katika Upanishadi maana ilipanuka hadi nafsi. Kisarufi, ni nomino ya jinsi ya kiume: ātmā inapokuwa kiima, ātmānam inapokuwa shamirisho. Ilitumika pia kama kiwakilishi cha kujirejelea.

Kihindi kililipata neno hili kwa njia mbili. Kwa njia ya urithi, kupitia appā ya Kiprakriti, yalitokea āp, "wewe" ya heshima, na apnā, "-a mwenyewe". Kwa njia ya ukopaji wa kimaandishi, Kihindi kilichukua umbo la kiima pekee, ātmā, kikalifanya shina na kulipa wingi wa Kihindi, ātmāẽ.

Badiliko kubwa zaidi ni la jinsi. Mzungumzaji wa Kihindi husema merī ātmā, "roho yangu", kwa upatanisho wa kike. Mambo mawili yanaelekea kuchangia. Kwanza, nomino nyingi za Kisanskriti zinazoishia na -ā, kama bhāṣā (lugha) na āśā (tumaini), ni za kike katika Kihindi. Pili, rūh ya Kiarabu na jān ya Kiajemi, zenye maana ya karibu, nazo ni za kike. Hata hivyo, mahātmā na paramātmā, zilizoundwa kwa neno lilelile, zimebaki za kiume, kwa kuwa ya kwanza humtaja mtu na ya pili humtaja Mungu.

Kiswahili, kilichokopa rūḥ hiyohiyo, kina mwenendo unaofanana na huo: roho yangu imetulia, lakini Roho Mtakatifu ameshuka. Umbo ni moja, upatanisho ni wa aina mbili, na kinachoamua ni kile kinachotajwa.

Kwa hiyo, utafiti wa maneno mkopo unaoishia kwenye asili na umbo huacha nusu ya historia. Umbo huonyesha neno lilikotoka. Upatanisho huonyesha lilivyopokewa.